Bronkiolitisi: Mkamba wa Vijia vya Hewa

Mkamba tunaujua: mirija mikubwa ya hewa huvimba, mtu akakohoa wiki nzima. Bronkiolitisi hukaa chini zaidi, kwenye vijia vyembamba vinavyokaribia vifuko vya hewa, na huwapata watoto wa chini ya miaka miwili. Kisababishi kikuu ni virusi vya RSV.

Wapo wanaoiita "uvimbe wa vijia vya hewa". Maana imo, lakini mzazi akiambiwa mwanawe ana uvimbe kwenye pafu atafikiria saratani kabla daktari hajamaliza sentensi. Mimi nachagua "mkamba wa vijia". Neno la wingi linabeba nusu ya elimu: vijia ni vingi, vyembamba, na kwa mtoto mchanga makamasi kidogo tu yanatosha kuviziba. Upenyo wa mrija ukipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa hupanda mara 16. Ndiyo maana kifua kinabonyea ndani na pumzi inatoka na mluzi.

Mluzi huo ndio unaowafanya wengi waseme "pumu". Ni haraka mno. Katika pumu misuli ya mirija hujikaza. Hapa kilichoziba ni makamasi, seli zilizokufa na kuta zilizovimba, hivyo dawa ya kuvuta ya kutanua mirija kwa kawaida haisaidii.

Je, mapafu hupona kabisa? Utafiti wa Tucson, Arizona, ulioanza mwaka 1980 na kufuata watoto tangu kuzaliwa, ulionyesha kwamba waliougua RSV kifuani kabla ya miaka mitatu walipumua kwa mluzi zaidi ya wenzao, ila tofauti hiyo ilififia kadiri walivyokua, na kufikia miaka 13 haikuwa na uzito tena. Jambo la kushangaza zaidi lilionekana mapema: baadhi ya waliokuja kupata mluzi walikuwa na mapafu yenye uwezo mdogo hata kabla ya kuugua. Huenda basi virusi hufichua udhaifu uliokuwepo. Lakini huko Drakenstein, Afrika Kusini, watoto waliougua RSV kifuani walionekana na uwezo mdogo wa mapafu baadaye na mluzi wa kujirudia, kwa hiyo si haki kuvisafisha virusi moja kwa moja.

Kuna hali ya nadra inayostahili jina lake yenyewe: bronkiolitisi obliteransi, inayofuata hasa maambukizi makali ya adenovirusi. Hapa si mkamba tena. Vijia huzibwa na kovu, na kovu haliyeyuki kama makamasi, kwa hiyo naiita "kovu la vijia vya hewa". Watoto wengi wenye mkamba wa vijia huacha kukohoa ndani ya wiki tatu. Mtoto mwenye kovu la vijia huendelea kuhema kwa wiki na miezi, oksijeni ikiwa chini, na picha ya CT huonyesha mapafu yenye mabaka, meusi pale hewa iliponaswa ikashindwa kutoka.