Kuvuka Ndiyo Mechi ya Kwanza

Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Wa Mvita, yaani kisiwani kwenyewe, walikuwa 154,171. Hesabu ni rahisi: karibu watu tisa kwa kila kumi wa Mombasa hawalali kisiwani. Wanalala Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe na Jomvu. Lakini simama pale feri ya Likoni asubuhi umuulize mtu yeyote anakoenda. Atakwambia, "Naenda tauni." Tauni ni ng'ambo ile. Huku kwetu, japo tumejaa mpaka mabati ya nyumba yanagusana, bado ni mahali pa kutoka.

Mimi ni wa Likoni. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa. Kitu kimoja ambacho sijaacha ni mechi za shule za upili. Kila muhula wa soka nauliza ratiba, napanda matatu, nasimama kwenye vumbi na watoto niliowazidi miaka kumi. Watu huniuliza kama nina mdogo wangu anayecheza. Sina. Nafuata upinzani wenyewe, manake ukiufuata vizuri unakusimulia jinsi Mombasa ilivyojengwa, na nani aliachwa upande gani wa maji.

Anza na ramani. Kisiwa kiko katikati, bara limekizunguka, na kila upande uliunganishwa kwa njia yake na kwa wakati wake. (Ndiyo, bara. Sisi tunaowaita watu wa Nairobi "wabara" huwa twasahau kwamba wengi wetu pia twaishi bara.)

Changamwe iliunganishwa kwa chuma. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ili ifike popote ilibidi kwanza ivuke Makupa. Nyuma ya reli zikaja kazi: bandari, uwanja wa ndege kule Port Reitz, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963. Kazi zikaleta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Ndiyo maana timu ya Changamwe ikifunga bao utasikia nyimbo za Kiluo, Kiluhya na Kikamba kabla hujasikia Kiswahili. Baba zao walikuja kwa treni, na wao wanaimba hivyo hivyo.

Kisauni, shule ilitangulia daraja. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS walianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yao bado iko pale Kengeleni, steji ambayo kila makanga anaitaja bila kufikiria inapigiwa nani. Daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilikuja 1931, na kulivuka ulilipa. Hili la zege tunalolijua lilifunguliwa 1980. Kwa hiyo watoto wa ng'ambo ile walikuwa darasani zaidi ya miaka hamsini kabla mtu hajaona umuhimu wa kuwawekea njia ya kufika kisiwani kwa miguu.

Na Likoni? Likoni haikupata daraja. Ilipata feri.

Hiyo ndiyo jiografia. Mpira wa shule ulifuata mistari hiyo hiyo. Mashindano yetu yanapanda kama ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani, taifa, halafu Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi muhula wa kwanza umekuwa wa kikapu, raga, mpira wa mikono na magongo, na wa pili wa soka, voliboli na netiboli. Kwenye zoni unacheza na majirani. Mnajuana, mnachekana, jioni mnakutana dukani. Kwenye kaunti ndogo mambo yanakuwa moto kidogo. Ngazi ya kaunti ndipo maji yanapoingia. Hapo Likoni inakutana na Kisauni, Changamwe inakutana na Mvita, na mtu lazima avuke.

Kwa sisi wa Likoni kuvuka kulikuwa mechi ya kwanza. Basi la shule linapanga foleni na magari mengine na linalipa. Anayetembea halipi. Matokeo yake, mashabiki walikuwa wakifika ng'ambo kabla ya timu. Tulikuwa tunateremka pale na ngoma na debe, tunawasubiri wachezaji wetu wenyewe kama wageni, huku tukiangalia saa. Kuna siku basi lilikwama kwenye foleni mpaka vijana wakashuka, wakabeba viatu mkononi na kuvuka kwa miguu na wauza mboga. Walicheza wakiwa wameshachoka. Timu ya kisiwani ilikuwa imeamka, imekunywa chai, ikatembea dakika kumi.

Na feri yenyewe ina historia ambayo hakuna mzazi wa Likoni anayeisahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliirithi kama amri. Nyumbani kwetu ruhusa ya kwenda mechi ilikuwa na sharti moja: hakuna kukimbilia feri ikishaanza kufunga mlango. Matokeo ya mechi mama alikuwa hayaulizi. Alikuwa anauliza mmevuka na ngapi.

Sasa, kila bara lina jitu lake, na jitu la kaskazini ni Shimo la Tewa. Tewa ni samaki mkubwa wa miambani, na jina hilo wamelibeba wawili: shule, na gereza lililo karibu, lile lililojulikana dunia nzima maharamia wa Somalia walipofungwa humo. Shabiki gani ataacha zawadi kama hiyo? Tulikuwa tukiwaona wanashuka kwenye basi tunaimba, "Nani kawafungulia?" Wao walikuwa wakijibu kwa mabao. Kisiwani walikuwepo Serani, Khamis, Tudor na Allidina Visram. Serani na Shimo la Tewa zote zimewahi kubeba bendera ya Pwani kwenye mashindano ya kitaifa, na zikikutana, hata mimi wa Likoni nisiye na changu pale nilikuwa nalazimika kuchagua. Nilichagua Shimo kila mara. Si kwamba nawapenda. Ni wa bara, basi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Kisiwa kilikuwa na sifa zake za mpira tangu zamani. Feisal ya Mombasa ilitwaa ligi ya Kenya 1965, na tangu hapo hakuna timu nyingine ya Mombasa iliyoichukua. Bara halikuwa na hadithi ya namna hiyo. Sisi tulikuwa na shule tu. Jezi ya shule ya kutwa, yenye namba zilizochorwa kwa rangi ya mafuta, ndiyo ilikuwa nguo ya kwanza kuandikwa jina la mtaa wetu na kupelekwa tauni kushindana.

Lakini upinzani una bei, na mara nyingi anayelipa ni shule ndogo. Nikiwa kidato cha tatu tulikuwa na winga mmoja, mfupi, mguu wa kushoto, ambaye mabeki walikuwa wanaomba asiwapate upande wao. Muhula ule tulifika mbali. Muhula uliofuata hakuwepo. Shule moja kubwa ilikuwa imemchukua: karo, kitanda, chakula, kila kitu. Tulipokutana nao alikuwa na jezi ya rangi nyingine, na dakika ya ishirini hivi akatufunga.

Tulimzomea. Tulimzomea kwa jina la utani tuliompa sisi wenyewe. Kisha nikamwona mamake. Alikuwa amesimama na sisi, upande wa Likoni, kwa sababu ndipo alipozoea kusimama. Alikuwa anauza viazi karai nje ya shule yetu, tulikuwa tunamwita mama sote. Hakushangilia. Alifunga leso yake vizuri kiunoni, akaangalia chini, akatabasamu pale ambapo alidhani hakuna anayemwona. Kelele zetu zikapungua zenyewe.

Nimelifikiria tabasamu lile kuliko bao. Kwa yule mama mpira wa shule ulikuwa karo. Kwa mabingwa ulikuwa kikombe. Kwetu sisi tuliobaki ulikuwa swali: mtaa unafanya nini kila anayeng'aa akivuka na asirudi? Shule kubwa hazikuja kutuibia usiku. Zilikuja na kitu ambacho shule ya kutwa ya Likoni haikuwa nacho, na mzazi mwenye akili timamu akakubali. Ukitaka kulaumu, laumu mpangilio uliofanya mtoto wa Likoni ahitaji kuhama ili aonekane.

Upinzani unaweza pia kufa kabisa, na mfano tunao. Mpira wa magongo uliwahi kuwa fahari ya Kenya. Timu ya taifa ilimaliza ya sita kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, na ya nne kwenye Kombe la Dunia la Barcelona 1971. Wachezaji wengi walikuwa Wakenya wa asili ya Kihindi na Kigoa, waliokulia kwenye shule na vilabu vya jamii zao. Mkoloni alikuwa ameziweka shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Kwa hiyo mchezo nao ulikuwa na rangi. Baada ya sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967, Waasia wengi wakaondoka nchini, na magongo yakaondoka nao katika shule nyingi za mjini. Leo ukitaka upinzani mkali wa magongo ya shule nenda magharibi, kwa akina Musingu, Kamusinga na St. Anthony's Kitale. Hapa kwetu Changamwe kuna mtaa mzima unaitwa Magongo, na bado utapata shida kumpata mtoto mwenye gongo.

Mfano mwingine ni wa kuchekesha, na una uchungu wake. Nairobi kuna timu ya mpira wa magongo wa barafu, Kenya Ice Lions. Uwanja wao ulikuwa hotelini Panari, ulifunguliwa 2005. Walikuwa na viatu, walikuwa na barafu, katikati ya nchi ya ikweta. Walichokosa ni mpinzani. Ilibidi 2018 wapelekwe Kanada ili wacheze na timu nyingine. Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilicheka, halafu nikaacha. Barafu inaweza kununuliwa. Jirani wa kukuchukia kwa dakika tisini kisha akuazime maji ya kunywa hauzwi popote.

Ndiyo maana naogopa ninapoona viwanja vinavyopungua. Uwanja wa Manispaa kule kisiwani ulibomolewa ili ujengwe upya, ukakaa miaka bila mechi. Ardhi za shule nchini zimekuwa zikinyakuliwa. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoza machozi wakidai uwanja wao wa kuchezea. Machi 2020 korona ikafunga shule, na mashindano yakafungwa nazo. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne bila kucheza mechi hata moja ya kaunti. Kwao Shimo la Tewa ni jina la basi lililopita.

Lakini ramani nayo imebadilika. Januari 2021 lilianza kutumika daraja la kuelea la Liwatoni kwa waenda kwa miguu, na kwa muda tukaonja kuvuka kwa miguu yetu. Halafu likaondolewa. Kubwa zaidi ni barabara ya Dongo Kundu. Tangu 2024 gari linaweza kutoka upande wa Likoni hadi upande wa Changamwe bila kukanyaga kisiwa na bila feri. Zaidi ya miaka mia moja watu wa pande hizo mbili walikutana tauni au hawakukutana. Sasa basi la shule linaweza kwenda na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Nimeshaanza kuuona utani mpya. Watoto wa Likoni wanawaambia wa Changamwe wananuka mafuta. Wa Changamwe wanawajibu, "Mmekuja bila boti?" Hakuna anayeitaja Mvita. Nikisimama pale katikati ya kelele nafikiria kwamba hiki ndicho kitu ambacho wapangaji wa jiji hawakukiweka kwenye mchoro wa barabara: pande mbili za bara zinatukanana moja kwa moja, bila kupitia kisiwani kuomba ruhusa.

Nimenunua daftari la kurasa 200. Naandika tarehe, uwanja, matokeo, waliofunga, na timu ilivuka na nini. Ukiwa na matokeo ya zamani ya shule yako, ya muhula wowote, njoo nayo. Ukiwa wa Shimo, njoo pia. Nani kawafungulia sitauliza.