Mlango wa Lumumba: Aliyeshindwa Chamani Aende Wapi?

Ukitoka sokoni Kariakoo kuelekea Mnazi Mmoja utaukuta Mtaa wa Lumumba. Zamani ukiitwa New Street, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. CCM bado ina ofisi hapo, na mtu wa mjini akisema "Lumumba wameamua", kila mtu anajua anazungumzia chama.

Historia ya chama hiki kwa kawaida husimuliwa kupitia washindi. Leo tuwatazame walioshindwa, maana wao ndio wanaotuonyesha chama kilivyobadilika.

Tuanze kabla ya TANU. Aprili 1953, Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, alimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini hasa, katika uchaguzi wa urais wa TAA. Sykes hakutoka kwenda kuunda chama chake. Mwaka uliofuata jina lake limo katika orodha ya waasisi 17 wa TANU. Alishindwa, akabaki.

Mwaka 1958 mambo yakawa mengine. Mkutano wa Tabora ulikubali kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda African National Congress. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 alisimama dhidi ya Nyerere na hakufikisha hata asilimia 2 ya kura. Unaweza kucheka. Lakini hoja yake ilipimwa hadharani, na wananchi wakaikataa wenyewe.

Kuanzia 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na mlango wa Mtemvu ukafungwa. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha: kiongozi asimiliki nyumba ya kupangisha. Sasa fikiria sharti hilo likisomwa Kariakoo, ambako nyumba ya vyumba sita ndiyo pensheni ya mjane na ada ya mtoto. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa mji huu ndani ya TANU kwa maelfu, alilipinga, akaacha nafasi yake katika Kamati Kuu. Mwaka huohuo Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu, alikimbilia London. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na 1972 akaachiwa. Sisemi kesi ile ilizaliwa na hoja ya nyumba. Ninachosema ni kwamba wakati huo aliyepingana na uongozi hakuwa na pa kusimama: ama anyamaze, ama aondoke nchini, ama ashukiwe.

Vyama vingi vilirudi 1992, na mlango ukafunguka tena. Augustino Mrema aliupitia 1995, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2015 Edward Lowassa alikatwa jina Dodoma, akahamia Chadema na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Machi 2019 alirudi CCM, akapokewa na Mwenyekiti John Magufuli palepale Lumumba. Wengine waliona msamaha, wengine wakaona kiini macho. Mimi naona kitu kingine: aliondoka bila chama kumjibu hadharani kwa nini alikatwa, akarudi bila kueleza hadharani ni nini kilichobadilika. Kambi zikagombana na kupatana, mwanachama wa tawini akabaki mtazamaji.

Hata vitabu vina kambi. Mwaka 1981 Chuo cha Chama Kivukoni kilitoa historia ya TANU. Mwaka 1998 Mohamed Said akachapisha maisha ya Abdulwahid Sykes, akilalamika kwamba wazee wa Kariakoo walifutwa katika simulizi rasmi. Visome vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Unaweza usikubaliane na Mohamed Said kwa mengi, lakini baada yake huwezi tena kusoma historia rasmi bila kuuliza nani hayumo.

Mageuzi ndani ya chama hupimwa zaidi kwa sura mpya na kaulimbiu mpya. Kipimo changu ni rahisi: je, aliyeshindwa kwenye kikao jana anaweza kuja leo, akakaa kiti kilekile na kusema lilelile bila kuitwa msaliti? Mwaka 1953 jibu lilikuwa ndiyo, na chama kilichozaliwa mwaka uliofuata hakikupungukiwa kitu.