Daftari la parokia si rejista ya vizazi na vifo

Anayetafuta asili ya ukoo katika kijiji cha Uingereza hachukui muda kabla ya kukutana na kile Waingereza wanachokiita parish register. Tangu 1 Julai 1837 serikali yenyewe imekuwa ikiandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales, na nakala za vyeti hupatikana kwa ada. Nyuma ya tarehe hiyo, kwa karibu miaka 300, tegemeo kubwa ni kitabu cha kanisa. Mtafsiri wa Kiswahili akifika hapo hushawishika kuandika "rejista ya vizazi na vifo", kwa kuwa maneno hayo yako tayari na ofisi zetu za usajili zimeyazoea. Akifanya hivyo atakuwa amempoteza mtafutaji njia.

Kitabu hicho hakikuandika kuzaliwa, kiliandika ubatizo. Hakikuandika kifo, kiliandika maziko. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa huenda asionekane popote. Wazazi waliochelewa waliweza kuleta watoto watatu kwa mpigo Jumapili moja, na msomaji wa leo akadhani ni mapacha. Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga, na Marafiki, wale ambao leo wana waumini wengi magharibi mwa Kenya, hawakubatiza kwa maji kabisa. Wote hao walitunza vitabu vyao wenyewe, mbali na kanisa la kijiji. Katika maziko ya zamani umri wa marehemu mara nyingi hautajwi. "John Carter alizikwa" inaweza kuwa habari ya babu wa miaka 80 au ya mjukuu wake wa wiki mbili, na hakuna neno jingine kwenye mstari huo litakalokuamulia.

Sasa tukipe kitabu hicho jina. Kwa neno la pili la parish register Kiswahili kina machaguo matatu. Kuna rejista, ambayo kila aliyesoma shule anaikumbuka ikiitwa majina asubuhi. Kuna sajili, ambayo Wakenya huitumia sana wanapozungumzia wapiga kura. Na kuna daftari, ambalo Tanzania imelipa cheo cha kiserikali katika Daftari la Kudumu la Wapigakura. Mimi nachagua daftari. Neno hili lilitufikia kupitia Kiarabu na Kiajemi, na mzizi wake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa. Bahati imetupendelea, kwa sababu mwishoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth I, 1598, parokia za Uingereza ziliagizwa kuandika kwenye ngozi na kuhamishia humo yaliyokuwa kwenye karatasi za zamani, hasa tangu Malkia alipoanza kutawala. Ndiyo maana vitabu vingi vinaanza 1558, ingawa amri ya kwanza ni ya miaka 20 kabla yake: wanakili wengi walichukua ruhusa ya kuanzia hapo wakaziacha kurasa za nyuma zipotee.

Neno la kwanza lina utata zaidi. Wakatoliki wetu husema parokia, Walutheri husema usharika, Waanglikana husema parishi au mtaa kutegemea dayosisi. Yote ni maneno ya kanisani, na hapo ndipo yanapopungua. Parokia ya Uingereza ilikuwa pia ngazi ya serikali. Ilitoza kodi ya kuwalisha maskini, ilitengeneza barabara, ilichagua konstebo. Msomaji wa Uganda ataelewa upesi kuliko sisi wengine, kwa kuwa kwao parish hadi leo ni ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Tena parokia moja iliweza kuwa na vijiji na vitongoji kadhaa, kwa hiyo mtu "wa kijiji fulani" anaweza kuwa ameandikwa katika kanisa lililoko kijiji kingine. Nabaki na "daftari la parokia" kwa kuwa parokia ndilo neno linaloeleweka na wengi zaidi, ila msomaji aondoe kichwani picha ya padre na kigango peke yake.

Amri ya kwanza ilitoka Septemba 1538 kwa Thomas Cromwell, msimamizi wa mambo ya Kanisa chini ya Mfalme Henry VIII. Kila parokia inunue kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wazee wa kanisa, na kila Jumapili yaandikwe mbele ya mashahidi yaliyofanyika wiki iliyopita. Watu walinong'ona kwamba kodi inakuja. Walinong'ona mapema mno, lakini hawakukosea: 1694 Bunge lilitoza kodi ya vizazi, ndoa na maziko ili kugharamia vita na Ufaransa, na kati ya 1783 na 1794 kila mstari ulilipiwa peni 3. Waliokuwa maskini wa kutunzwa na parokia walisamehewa hiyo ya peni 3. Basi ukikuta familia imeandikwa "maskini" katika miaka hiyo, jiulize kwanza kama ni umaskini au ni kukwepa kulipa.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1640, vitabu vingi vina pengo. Nafuu ipo kidogo: tangu 1598 kila parokia ilitakiwa kumpelekea askofu nakala ya mwaka mzima, na nakala hizo za askofu mara nyingine zimenusurika mahali ambapo daftari lenyewe liliharibika kwa unyevu au panya. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika 25 Machi 1754 ilidai sahihi ya maharusi na mashahidi, na asiyejua kuandika aliweka msalaba. Kuanzia 1813 ubatizo na maziko vilipata fomu zilizochapwa, wanane kwa ukurasa, zikiwa na kazi ya baba na umri wa marehemu. Mtafutaji akifika 1813 akitokea nyuma hupumua.

Mtego mkubwa kuliko yote ni tarehe. Hadi 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi, si 1 Januari. Harusi ya Mei 1699 inatangulia ubatizo wa Februari 1699, kwa sababu Februari hiyo kwa hesabu yetu ni ya 1700. Asiyejua atamtia bibi harusi aibu asiyostahili, naye alijifungua miezi tisa baada ya kuolewa, kwa utaratibu kabisa. Watafiti makini huandika 1699/1700.

Halafu majina. Mtu wa pwani anayeitwa Salim bin Juma bin Hamisi amebeba vizazi vitatu ndani ya jina lake, na nasaba inaposomwa kila jina linamtaja baba. Jina la ukoo la Mwingereza halisogei hivyo. Linabaki lilelile kwa karne nyingi, na mbele yake yanazunguka John, William na Thomas. Kijiji kidogo huweza kuwa na Thomas watatu wa ukoo mmoja, wote wana mke aitwaye Mary. Hapo daftari peke yake halitoshi. Inabidi kufungua karatasi nyingine zilizokuwa kasha moja nalo: za kodi ya maskini, na hasa mahojiano yaliyotokana na sheria ya ukaazi ya 1662. Maskini aliyeingia parokia isiyo yake aliweza kurudishwa alikotoka, ila kwanza alihojiwa mbele ya mahakimu: ulizaliwa wapi, ulifundishwa kazi na nani, ulitumikia kwa mwaka mzima kwa bwana gani? Majibu yake yaliandikwa. Tajiri ana kaburi la jiwe na wosia. Maskini, kwa sababu ya sheria kali hiyo, mara nyingine ndiye aliyeacha hadithi ya maisha yake.

Wanahistoria wameyafanyia madaftari haya kazi kubwa kuliko ya ukoo mmoja. Mwaka 1966 E. A. Wrigley alitoa utafiti wake wa Colyton, parokia ya Devon yenye daftari linaloanzia 1538. Alichukua kila ubatizo, ndoa na maziko, akaviunganisha jina kwa jina hadi familia zikasimama tena kwenye karatasi. Mbinu hiyo, aliyoiasisi Mfaransa Louis Henry, naipendekezea jina la "kuunga upya familia". "Kujenga upya" kunaleta sauti ya nyundo, na hapa kazi ni ya uzi na sindano. Colyton ilionyesha kwamba baada ya tauni ya 1645 na 1646 wanawake waliolewa wakikaribia miaka 30, wala vizazi havikupanda upesi kuziba pengo. Imani kwamba wanakijiji wa zamani waliozana wakiwa watoto ilipata pigo. Baadaye Wrigley na R. S. Schofield walitumia madaftari 404 kukadiria idadi ya watu wa Uingereza kuanzia 1541.

Kuunga upya kuna udhaifu wake: kunawaona vizuri waliokaa tu. Huko Clayworth, kijiji cha Nottinghamshire, kasisi William Sampson aliorodhesha wakazi wake wote 1676 na tena 1688. Katika miaka 12 hiyo zaidi ya nusu ya majina yalibadilika; waliokufa walikuwa wachache kuliko waliohama. Kwa hiyo kijiji cha mababu waliokaa mahali pamoja tangu enzi na enzi ni nadra, na ukoo unapokatika daftarini jibu la kwanza ni kupekua parokia jirani, maili kumi kila upande. Sensa ya 1851 husaidia sana, kwa kuwa kwa kawaida inataja parokia aliyozaliwa mtu. Ile ya 1841 haina habari hiyo, na umri wa watu wazima ndani yake kwa kawaida umeshushwa hadi tano iliyo karibu.

Mtindo huu wa kitabu ulivuka bahari pamoja na wamisionari. Kanisa kuu la Kianglikana la Namirembe, Kampala, lina madaftari ya ndoa yanayoanzia miaka ya 1890, yenye safu zilezile za Uingereza ya baada ya 1837: kazi ya bwana harusi, kazi ya baba yake, sahihi au alama. Watafiti wa uchumi wamezitumia kupima ni watoto wangapi wa wakulima waliopanda wakawa makarani na walimu. Kwa vitabu hivyo pia nashauri "daftari la ndoa", na "daftari la ubatizo" kwa kile kinachokaa kando yake. Vizazi na vifo tuwaachie wasajili wa serikali.