Mdomo Unaokataa Kufunguka

Leo tunazungumza juu ya saratani ya mdomo, na hadithi yenyewe inaanzia hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 1952, daktari aliyeitwa Schwartz alieleza habari za wanawake 5 wa asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Nyama laini ya ndani ya mashavu yao ilikuwa imekauka, na midomo haikufunguka vizuri. Aliupa ugonjwa huo jina refu la Kilatini, na ndani yake mlikuwa na neno lenye maana kwamba chanzo hakijulikani. Leo kinajulikana. Ni popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa kwa jani la tambuu na chokaa. Mwaka wa 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo husababisha saratani, hata bila tumbaku. Basi mama, zile pakiti ndogo za popoo tamu si peremende. Usimpe mtoto.

Lakini daktari hujuaje kwamba doa fulani litageuka kuwa saratani? Hapo ndipo seli zinapoulizwa. Mwaka wa 1928 George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyefanya kazi Marekani, alisema kwamba seli za saratani zaweza kuonekana katika ute wa njia ya uzazi. Wengi hawakumjali mpaka miaka ya 1940. (Akina mama mliopimwa mlango wa kizazi, kipimo hicho ni chake.) Baadaye madaktari wakakwangua seli za mdomoni vivyo hivyo. Miaka ya 1960 wakaanza kupaka dawa ya rangi ya buluu, ambayo hushika zaidi mahali penye seli zinazogawanyika kwa haraka. Shida ni kwamba hushika pia kidonda cha kawaida, na mtu akatishwa bure.

Mwaka wa 1979 iligunduliwa protini iitwayo p53, askari anayezuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Askari huyu akiharibika, mara nyingi hurundikana ndani ya seli, na maabara humwona kwa hadubini. Ni dalili ya hatari, ila peke yake haitoshi. Mpaka leo jibu la kuaminika hutokana na kukata kipande kidogo cha nyama, baada ya kutiwa ganzi, na kukichunguza.

Mama, jioni hii washa tochi. Tazama chini ya ulimi na ndani ya mashavu, yako na ya nyanya anayetafuna. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda kilichopita wiki 2, pilipili inayochoma kuliko zamani, au vidole 3 kusimama wima visivyoingia kati ya meno: nenda kwa daktari wa meno, hata kama hapaumi. Na mwambie wazi kinachotafunwa nyumbani.