Shule, Chuo na Hesabu ya Wasiojua Kusoma: Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Atokaye Mtwara akavuka mto Ruvuma na kuifuata pwani kuelekea kusini, atapita Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga na kisiwa cha Ibo kabla ya kuwasili Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Pwani hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya Wamwani, ambao jina lao lina maana ya watu wa ufukweni. Lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili, na huko Palma na mlangoni mwa Ruvuma, Kiswahili chenyewe ndicho kisemwacho. Nyuma ya pwani unainuka uwanda wa Mueda, makao ya Wamakonde.

Kuna kauli moja isemwayo sana katika mkoa huo, nayo ni kwamba Wamakonde wamesoma na Wamwani hawakusoma. Asiyeichunguza huiongezea sababu zake: mtoto wa pwani ni mvivu, mzazi wa pwani haithamini elimu, dini inawazuia. Sisi walimu yatupasa kuitazama kauli hii kwa makini, maana mwalimu akisha kuamini kwamba kabila fulani halisomeki, mtoto wa kabila hilo amekwisha kuanguka kabla ya kuushika wino.

Kwanza tuulize: kusoma nini?

Katika karne ya kumi na tisa, masheha na wakuu wa pwani hii waliandikiana barua na maofisa wa Kireno waliokaa Ibo. Barua hizo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na nyingi kwa Kiswahili. Mamia yao yamehifadhiwa hata leo katika Nyaraka za Historia za Msumbiji mjini Maputo, na wataalamu kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezichambua. Humo mna habari za biashara, mapatano, malalamiko na siasa. Mreno hakuweza kuitawala pwani bila ya mkalimani na mwandishi aliyejua hati hizo. Elimu ilitoka chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, ambako mtoto alianza na herufi, akahitimu msahafu, na mwenye bidii akaendelea hata Unguja au Lamu kutafuta elimu ya juu zaidi. Kwa hiyo watu hawa walikuwa na shule kwa vizazi vingi. Wakati huo uwanda wa Mueda ulikuwa bado haujatawaliwa na Mreno; ulishindwa mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza tu.

Mambo yalipinduka vipi basi? Kuanzia mwaka 1891 hadi 1929 sehemu kubwa ya kaskazini ya Msumbiji ilikabidhiwa Kampuni ya Niassa, ambayo ilipenda kodi na vibarua kuliko madarasa. Elimu iliyokuja ilikuja na misheni. Wamishenari wa shirika la Montfort walifungua kituo chao cha Nangololo, katika nchi ya Wamakonde, mwaka 1924. Kisha mwaka 1940 serikali ya Ureno ilifanya mapatano na Kanisa Katoliki, na kwa sheria ya mwaka 1941 elimu ya Waafrika ilitiwa mikononi mwa misheni. Lugha ya kufundishia ikawa Kireno. Lugha za wenyeji ziliruhusiwa katika mafunzo ya dini tu.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Kwa mzazi wa Mueda, misheni ilikuwa jambo jipya lenye masharti yake, lakini lilikuwa pia kimbilio: kijana aliyejua Kireno alikuwa na tumaini la kuikwepa kazi ya kulazimishwa na kilimo cha pamba cha amri kilichoanza mwaka 1938. Kwa mzazi wa pwani, kumpeleka mwana misheni kulikuwa ni kumpeleka abatizwe. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwani shule hizo zilikusudiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, kufundisha Kireno na kufanya Wakristo. Alimbakiza mwanawe chuoni. Na kwa kuwa machoni mwa serikali kujua kusoma kulikuwa ni kujua kusoma Kireno, yule aliyeweza kuisoma barua ya babu yake aliandikwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Naona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Pengo lililoonekana katika vitabu vya serikali, kwa sehemu, lilitengenezwa na kipimo chenyewe.

Tusiseme kwamba pengo lilikuwa la karatasi tu. Hati za Kiarabu hazikumpa mtu ukarani wa posta wala ualimu wa serikali. Wala tusidhani kwamba Wamakonde wote walisomeshwa. Wengi hawakuliona darasa, na waliofika darasa la nne walikuwa wachache mno. Huko Ibo nako kulikuwa na jamaa za machotara Wakatoliki waliosoma Kireno vizuri na kushika kazi za ofisi, hali wanaishi kando ya Wamwani na kula samaki wale wale. Kama kabila au hewa ya bahari ndiyo inayozuia masomo, tungeelezaje jambo hilo?

Vita vya ukombozi vililipanua pengo kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vikaanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, vikiongozwa na Alberto Chipande, Mmakonde aliyekuwa mwalimu. Uwanda wa Mueda ukawa kitovu cha maeneo yaliyokombolewa. Chini ya miembe na mikorosho kulifunguliwa shule za msituni, ubao ukiwa kipande cha mbao, na watoto wengine walipelekwa Tanzania, katika shule za FRELIMO za Tunduru na Bagamoyo. Filipe Nyusi, aliyezaliwa Mueda mwaka 1959 na kuwa Rais wa Msumbiji kuanzia 2015 hadi 2025, ni mmoja wa watoto wa Tunduru. Miji ya pwani ilibaki mikononi mwa jeshi la Kireno. Watu wa pwani walioingia katika vita hivyo walikuwapo, na wengine wengi walikimbilia ng'ambo ya Ruvuma. Lakini mtandao wa shule za FRELIMO haukuwafikia waliobaki. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, zaidi ya watu 9 katika kila 10 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Katika hali hiyo, tofauti ya miaka michache ya masomo ilitosha kuamua nani atakuwa mkuu wa wilaya na nani atabaki na nyavu zake.

Serikali huru ilitaifisha shule za misheni mwaka 1975 na kufungua milango kwa wote. Hata hivyo Kireno kilibaki kuwa lugha ya darasani, na kampeni ya kufuta ujinga iliyoanza mwaka 1978 ilifundishwa kwa Kireno. Sijui neno zuri la kumweleza mzee aliyehitimu msahafu akakalishwa katika darasa la wasiojua herufi. Vyuo navyo vilitazamwa kwa shaka katika miaka ile ya mwanzo. Kisha vikaja vita vingine, hadi mapatano ya Roma ya 1992. Mambo ya kawaida ya pwani, kama vile vijana kufuata samaki kwa majira ya pepo na wasichana kuozwa mapema, yaliongeza mzigo. Lakini mambo kama hayo yako Kilwa na Pangani pia.

Matokeo yake si ya darasani peke yake. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo, Mocímboa da Praia iliona mapigano kati ya Wamwani na Wamakonde. Mwaka 2010 gesi iligunduliwa katika bahari ya Palma, nazo kazi zilizotazamiwa zilihitaji Kireno na vyeti. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na vita vilivyofuata viliwahamisha watu zaidi ya 700,000 na kuteketeza shule nyingi. Haingekuwa kweli kusema kwamba pengo la elimu ndilo lililoleta vita hivi. Waasi wametoka katika makabila mbalimbali na sababu ni nyingi. Ila malalamiko ya kijana wa pwani asiye na cheti yalikuwapo kabla ya bunduki.

Tukirudi katika kazi yetu: tangu mwaka 2003 Msumbiji imeruhusu mafunzo kwa lugha mbili, ambapo mtoto huanza kwa lugha ya nyumbani na kuingia Kireno polepole. Kimwani na Kimakonde ni miongoni mwa lugha hizo. Vitabu na walimu waliofunzwa vimekuwa haba, na vita vimeirudisha nyuma kazi. Mwalimu apokeaye darasa la kwanza katika vijiji vya pwani aghalabu hupokea watoto ambao wamekwisha kukaa chuoni mwaka mmoja au miwili. Wanajua kwamba alama iliyoandikwa ina sauti, wanajua kuufuata mstari kwa kidole, wanajua kukaa na kurudia hadi neno litulie. Wanaanza tu upande wa pili wa ukurasa, kulia kwenda kushoto.