Zanzibar 1961: Kura moja iliyoleta sare

Uchaguzi wa Januari 1961 visiwani Zanzibar, vikiwa bado chini ya himaya ya Uingereza, uliwaniwa na vyama vitatu. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) cha Abeid Amani Karume kilipata viti 10, ZNP, maarufu kama Hizbu, 9, na ZPPP cha Mohamed Shamte 3. Chake Chake, Pemba, ASP kilishinda kwa kura moja tu.

Wajumbe wa ZPPP waligawanyika: wawili wakaenda ZNP, mmoja ASP. Kila upande ukawa na viti 11, na serikali haikuundika.

Uchaguzi ulirudiwa Juni, kiti kimoja kikiwa kimeongezwa. ASP na ZNP vilipata viti 10 kila kimoja, ZPPP 3. ASP kiliongoza kwa wingi wa kura, lakini ZNP na ZPPP ndivyo vilivyounda serikali ya mseto, Shamte akiwa Waziri Kiongozi. Ghasia zilizozuka siku ya kura zilisababisha vifo vya watu 68.

Julai 1963 mambo yalijirudia: ASP kilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. Mseto huo ulipokea uhuru Desemba 10, 1963, ukapinduliwa Januari 12, 1964.