Mbiru: Wapare walipoteremka Same kusema

Kila tunapozungumzia hewani Ibara ya 18 ya Katiba, inayohusu uhuru wa maoni, wasikilizaji wa Usangi, Ugweno na Gonja huturudisha kwenye mbiru. Hiyo ni kodi iliyoanzishwa enzi za Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila mtu alipangiwa kiasi kwa kukadiriwa mali yake, na machifu ndio waliosimamia.

Januari 1945 maelfu waliteremka milimani hadi bomani Same. Kodi ya kichwa hawakuikataa, walikataa kukadiriwa. Wakapiga kambi miezi kadhaa. Wanawake wa Usangi nao wakaandamana, wakamtaka ofisa wa serikali awarudishie waume zao, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe. Sisi tunaotafuta riziki kwa maneno hatujasikia swali lililombana mkubwa kuliko hilo.

Mwaka 1946 makadirio yakafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alichapisha kisa hicho mwaka 1971.

Siku hizi anayebeba malalamiko ya vijijini mara nyingi ni mwandishi wa habari. Azory Gwanda, aliyeandikia Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017. Kila Novemba tunalitaja jina lake hewani.